Taa za Rivasi za Fuso: Somo la Umeme kwa Ajili ya Utingo

Wanajumuiya wenzangu, kurasa za jarida hili kwa kawaida zinajaa habari za bumu, vyumba vya hosteli na uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Leo naomba tuzungumzie taa mbili za nyuma ya lori. Mimi nasomea ualimu wa fizikia na hisabati, niko mwaka wa tatu, na nina sababu mbili za kuandika. Ya kwanza ni kwamba taa hizo zinaweza kumuua mtu zikiwa hafifu. Ya pili ni kwamba ndani ya taa hizo kuna karibu kila kitu tulichokariri kuhusu umeme tangu kidato cha pili, na wengi wetu tukiambiwa tukifanyie kazi gereji tunabaki kukodoa macho.

Huhitaji kuwa mtu wa sayansi kunifuata. Ukijua kuzidisha na kugawanya, twende.

Tatizo lenyewe

Mjomba wangu ana Fuso moja inayobeba nyanya na vitunguu kutoka Ilula, Iringa, kwenda Dar es Salaam. Nyanya hazipendi jua, kwa hiyo mzigo unapakiwa jioni na usiku ili gari liingie sokoni mapema. Likizo iliyopita nilikaa kwake, nikawa naenda nao shambani.

Ili kupakia, lori lazima lirudi rivasi kwenye njia nyembamba ya shamba, kwenye giza. Dereva anategemea vioo viwili tu. Nyuma anasimama utingo na tochi ya simu anapiga kelele: "Njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo!" Utingo ndiye kioo cha tatu cha dereva, na ndiye anayesimama mahali pabaya kuliko pote. Kati ya bodi ya gari na rundo la matenga kunabaki nafasi ya mtu mmoja, na dereva haioni. Usiku mmoja utingo wetu aliruka mtaroni. Dereva hakujua chochote mpaka alipofungua mlango akasikia watu wanapiga mayowe. Kijana alitoka na michubuko, akacheka, akaendelea kupakia. Mimi sikucheka.

Na lori likishasimama, kazi ya kupakia inachukua kama saa nne. Injini inazimwa, watu wanapakia kwa mwanga wa simu. Kwa hiyo tulihitaji taa zinazokidhi mambo mawili: ziwake kwa nguvu gari linaporudi nyuma, na ziweze kuwaka kwa saa nyingi gari limesimama bila kumaliza betri. Hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu taa ya rivasi imetengenezwa kwa ajili ya kuwaka dakika moja au mbili tu.

Kwa nini tusiweke balbu kubwa tu?

Fundi wa jirani alishauri hivyo: toa balbu za zamani, weka za wati 100, mchezo umeisha. Tupige hesabu kabla ya kumkubalia.

Balbu ya rivasi ya kawaida ni ya wati 21. Fuso ya mjomba, kama malori mengi ya Kijapani ya ukubwa ule, inatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Nguvu ni volti mara ampia, hivyo:

Balbu mbili za wati 21 = wati 42. 42 ÷ 24 = ampia 1.75.

Balbu mbili za wati 100 = wati 200. 200 ÷ 24 = ampia 8.3.

Mkondo umeongezeka karibu mara tano, lakini waya ni uleule mwembamba wa kiwandani, na swichi ni ileile ndogo iliyoko kwenye giaboksi inayofunga mzunguko ukiingiza rivasi. Joto kwenye waya halipandi mara tano. Linafuata mkondo mara mkondo mara ukinzani, kwa hiyo mkondo ukipanda mara tano joto linapanda takriban mara ishirini na tano. Ongeza na kioo cha plastiki kilichofunika balbu. Wati 100 ndani ya kikombe cha plastiki kilichofungwa, kwa saa nne, ni jiko.

Fundi aliposikia hesabu akakuna kichwa, akasema, "Sasa dada mwalimu, kumbe ndiyo maana zile soketi zinayeyukaga." Alikuwa ameziona zikiyeyuka miaka mingi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha ile kanuni kwa Kiswahili.

LED inafanyaje kazi

Balbu ya zamani ina uzi wa tungsteni. Umeme unaupasha uzi mpaka unang'aa, na sehemu kubwa ya nishati inatoka kama joto. Katika balbu ya namna hii unapata takriban lumeni 20 kwa kila wati. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Hivyo balbu zetu mbili za wati 21 zinatoa kama lumeni 840.

LED haina uzi. Ni dayodi, kipande kidogo cha nusu-kipitishi ambacho umeme ukipita upande sahihi, elektroni zinashuka ngazi ya nishati na kutoa mwanga moja kwa moja. LED nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Iliyochelewa ni ya bluu, na bila ya bluu hakuna nyeupe, kwa sababu taa nyeupe nyingi za LED ni kipande cha bluu kilichofunikwa na poda inayogeuza sehemu ya mwanga kuwa wa njano. Macho yetu yakichanganya bluu na njano yanaona nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo ya LED ya bluu.

Taa nzuri ya LED inatoa lumeni 100 au zaidi kwa wati. Ukifunga taa mbili za wati 24 kila moja, una wati 48 na kama lumeni 4,800. Linganisha na zile 840. Umeme umeongezeka kidogo sana, mwanga umeongezeka zaidi ya mara tano.

Tahadhari moja ya dukani: usiamini namba ya kwenye boksi. Chukua mita, pima mkondo taa ikiwa inawaka, zidisha kwa volti. Boksi likisema wati 72 na mita ikasoma ampia 1 kwenye volti 24, umenunua taa ya wati 24. Si mbaya, ila ujue umenunua nini. Angalia pia kama taa inakubali volti 24. Ya volti 12 peke yake itaungua mara moja.

Joto ndilo adui wa LED

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Wanasikia "LED haina joto", wananunua LED ndogo yenye umbo la balbu, wanaichomeka kwenye soketi ya zamani. Inawaka vizuri sana. Baada ya wiki chache za kuwashwa usiku kucha inaanza kupepesa, halafu inazima.

LED ina joto, sema halitoki mbele. Balbu ya uzi inarusha joto lake nje pamoja na mwanga, ndiyo maana ukisogeza mkono unaungua. LED inatoa mwanga mbele na kubakiza joto nyuma, kwenye kile kipande kidogo chenyewe. Katika taa ya wati 24, takriban theluthi moja inatoka kama mwanga, yaani wati 8. Wati 16 zilizobaki ni joto linalotafuta njia ya kutoka. Lisipoipata, kipande kinazidi kupata moto, mwanga unapungua na maisha yake yanafupika.

Kwa matumizi ya dakika mbili, LED ya umbo la balbu haina shida kubwa. Kwa saa nne ndani ya kikombe cha plastiki kisicho na hewa, shida ipo. Kwa hiyo uamuzi wetu ulikuwa huu: taa za zamani za rivasi zibaki kama zilivyo, na tuongeze taa mbili za kazi zenye mwili wa alumini na mapezi nyuma, zilizofungwa nje penye upepo. Alumini inabeba joto, mapezi yanaongeza eneo la kulitupa hewani. Shika mgongo wa taa baada ya nusu saa. Ukiwa wa moto, usishtuke, maana joto linatoka inavyotakiwa. Taa ya kuitilia shaka ni ya wati nyingi ambayo mgongo wake ni wa baridi kabisa, kwa sababu huenda joto limekwama ndani.

Tafuta pia alama ya IP67. Namba 6 maana yake vumbi haliingii, na 7 maana yake inavumilia kuzama majini kwa kina cha mita moja kwa nusu saa. Barabara za shambani wakati wa masika zinahitaji hivyo.

Betri na zile saa nne

Swali la mjomba lilikuwa moja tu: "Asubuhi gari litawaka?" Mwenye gari yeyote lazima aulize hivyo.

Betri zake zimeandikwa ampia-saa 100 kila moja. Ni rahisi kujumlisha ukapata 200, lakini betri zikiunganishwa kwa mfululizo volti ndizo zinazojumlishwa, uwezo unabaki 100. Na betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo cha kutumia kwa usalama ni 50, na betri ikiwa kuukuu ni pungufu ya hapo.

LED mbili: wati 48 ÷ volti 24 = ampia 2. Kwa saa 4 ni ampia-saa 8.

Taa mbili za haloji za wati 70, ambazo malori mengi yanazifunga: 140 ÷ 24 = ampia 5.8. Kwa saa 4 ni ampia-saa 23 na kitu.

LED inakula 8 kati ya 50. Haloji inakula karibu nusu ya akiba yote, na bado hujawasha redio wala kuchaji simu za vibarua. Njia ya kuhakiki ni mita: betri zilizojaa na kupumzika zinasoma kama volti 25.2 au zaidi, na zikifika 24.4 ujue umebaki na takriban nusu. Tulipima, na asubuhi gari liliwaka kwa mpigo mmoja.

Waya, fyuzi na kutu

Kutoka kwenye betri mpaka nyuma ya bodi, tuchukue mita 10. Ukinzani wa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba kwa urefu huo ni takriban omu 0.115. Kwa ampia 2 tunapoteza volti 0.23, karibu asilimia moja tu. Inatosha kabisa.

Njia ya kurudi ndiyo mtego. Mafundi wengi wanafunga hasi ya taa kwenye bodi, popote palipo na bolti. Bolti yenye kutu inaweza kuwa na ukinzani wa nusu omu. Kwa ampia 2 bolti hiyo inazalisha wati 2 za joto, si neno. Kwa zile ampia 8.3 za balbu kubwa ingezalisha karibu wati 35, mahali pamoja, jirani na mbao za bodi. Sisi tulivuta waya wa hasi mpaka kwenye chasi, tukakwangua rangi na kutu, tukabana vizuri na kupaka grisi.

Fyuzi iwe ya ampia 5 na ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka nyuma karibu na taa, waya wote wa mita 10 ulio kabla yake hauna mlinzi, na waya huo ndio unaosuguana na chasi kila gari linapopita kwenye shimo.

Rilei moja, dayodi mbili

Sasa tunataka taa ziwake kwa njia mbili: rivasi ikiingia, au swichi ya ndani ikiwashwa. Ukiunganisha nyaya hizo mbili pamoja bila kufikiri, utapata vituko. Ukiwasha swichi, umeme unarudi kinyumenyume kwenye waya wa rivasi na kile king'ora cha "tii, tii, tii" kinalia saa nne mfululizo. Kama gari limeegeshwa likiwa kwenye gia ya rivasi, umeme unaweza kupita swichi ya giaboksi na kuingia kwenye mzunguko wa ufunguo. Ufunguo uko mfukoni, dashibodi inawaka.

Dawa ni dayodi, ambayo kwa umeme ni kama mlango unaofunguka upande mmoja. Weka dayodi moja kwenye waya unaotoka rivasi na nyingine kwenye waya unaotoka swichi, zote zikielekea kwenye koili ya rilei ya volti 24. Rilei ndiyo inayobeba mkondo wa taa kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi. Koili inahitaji mkondo mdogo sana, kwa hiyo swichi ya giaboksi haichoki. Kila dayodi inakula kama volti 0.7, koili inabaki na 23.3, inatosha. Dayodi ya tatu ifungwe sambamba na koili, kinyume cha mkondo, ili kuzima ule mshtuko wa umeme unaotokea koili inapokatwa.

Mliosoma milango ya mantiki mtakuwa mmeshaitambua: huu ni mlango wa AU. Rivasi AU swichi, taa zinawaka. Kidato cha sita tuliuchora kwa alama na jedwali la sifuri na moja, tukafaulu, tukausahau. Pale Ilula uliondoa kelele ya king'ora usiku kucha.

Nyeupe mbele, nyekundu nyuma

Kuna hatari ambayo taa hizi zinaileta zenyewe. Barabarani usiku, mwanga mweupe unamaanisha gari linakuja kwako, na mwekundu unamaanisha linakwenda mbele yako. Lori linalokwenda mbele huku taa nyeupe zinawaka nyuma linamdanganya anayelifuata na kumpofusha. Kanuna ya Umoja wa Mataifa namba 48 kuhusu ufungaji wa taa za magari inataka taa ya rivasi iwe nyeupe na iwake pale tu gia ya rivasi imeingizwa. Mantiki yake ni hiyohiyo.

Kwa hiyo swichi ya ndani ni ya gari lililosimama tu. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kwenye dashibodi kinachowaka kila taa za nyuma zinapowaka, dereva asisahau. Pili, swichi ile inafanya kazi handibreki ikiwa imevutwa tu. Kimantiki: rivasi AU (swichi NA handibreki). Dereva akishusha handibreki, taa zinazima zenyewe hata akisahau. Na kabla ya kufunga chochote kwenye gari lako, waulize wakaguzi wa magari au trafiki kuhusu taa za ziada. Ni bora kuuliza mapema kuliko kusimamishwa na mzigo wa nyanya juani.

Taa zenyewe tulizifunga chini ya sakafu ya bodi, zikiinama kidogo kuelekea ardhini, na tukachagua zenye mwanga mpana. Taa inayopiga mbali kama tochi inaangaza mti wa mita 50 na kumwacha utingo gizani.

Walimu watarajiwa, hili ni letu

Gharama ya vifaa vyote ilikuwa chini ya bei ya tairi moja la Fuso. Utingo bado anasimama nyuma, bado anapiga kelele zake, lakini sasa dereva anamwona miguu na mikono kwenye vioo vyote viwili, na akitoka kwenye mwanga dereva anasimama. Huo ndio utaratibu mpya waliokubaliana: simwoni utingo, siendi.

Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo maabara yake ni kabati moja lenye kufuli. Ila nje ya geti la karibu kila shule kuna bodaboda, Canter au trekta. Pale kuna betri, fyuzi, swichi, balbu na mtu mwenye tatizo la kweli. Mwanafunzi akikokotoa kwa nini soketi imeyeyuka, hatakaririshwa tena I mara V. Na akirudi nyumbani akamweleza baba yake kwa Kiswahili, fizikia itakuwa imetoka darasani.

Jipime

1. Gari la volti 12 limefungwa LED zilezile mbili za wati 24. Mkondo utakuwa ampia ngapi? Kwa waya uleule wa omu 0.115, utapoteza volti ngapi, na ni asilimia ngapi ya 12? Kwa nini malori yanapendelea volti 24?

2. Chora jedwali la mistari minane la "rivasi AU (swichi NA handibreki)". Taa zinawaka kwenye mistari mingapi? (Ukipata mitano, uko sawa.)

3. Mmoja wa dayodi mbili umefungwa kinyume, ule wa upande wa swichi. Nini kitafanya kazi na nini hakitafanya kazi? Ungegunduaje kwa mita, bila kufungua rilei?

4. Tafuta dereva au utingo mmoja karibu na chuo. Muulize anaonaje usiku akirudi rivasi. Mweleze kanuni moja tu ya makala hii kwa Kiswahili chepesi, kisha mwombe yeye akueleze upya. Akishindwa, rudia wewe kujifunza.